Virusi au bakteria? Mwongozo kamili wa kukabili magonjwa ya kuambukiza nyumbani, Nairobi

Simama kando ya kaunta ya duka la dawa lolote mtaani saa moja jioni, watu wakitoka kazini, na utasikia maombi yale yale. "Nipe zile kapsuli za rangi mbili, nina mafua." "Nipe Flagyl, mtoto anaendesha." Mafua huletwa na virusi, na kapsuli zile ni antibiotiki, dawa za kupiga bakteria, hazivigusi hata kidogo. Kuhara kwa mtoto mdogo nako mara nyingi ni virusi. Pesa zimetoka, dawa imemezwa, na kijidudu hakijasikia lolote.

Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo moja: kila silaha tuliyo nayo nyumbani au hospitalini, iwe sabuni, spiriti, jiki, moto au antibiotiki, hupiga sehemu fulani ya mwili wa kijidudu. Kijidudu kisicho na sehemu hiyo hupita salama. Nimejikita zaidi kwenye magonjwa ya tumbo na homa zake, kwa sababu ndiyo yanayozunguka kwenye ploti zetu, na ndiyo tunayoyatibu kwa kubahatisha zaidi.

Hatua ya 1: Jua kijidudu kimeundwaje

Bakteria ni kiumbe hai kamili, ingawa ni seli moja tu. Ana ukuta, ana mitambo ya kujitengenezea protini, anakula, anatoa taka na kujigawanya. E. coli, bakteria wa utumboni, ana urefu wa takriban maikromita 2, kwa hiyo ukiwapanga 500 kichwa kwa mkia utapata milimita moja. Akipata joto na chakula anaweza kujigawanya kila baada ya dakika 20 hivi. Piga hesabu mwenyewe: mmoja aliyeachwa kwenye mchuzi wa vuguvugu, baada ya saa 8 wamekuwa zaidi ya milioni 16.

Maabarani, karibu kitu cha kwanza tunachomfanyia bakteria ni kumpaka rangi. Njia hiyo aliibuni daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, akiwa Berlin mwaka 1884, na hadi leo haijaondoka mezani. Unapaka sampuli kwenye kioo, unakipitisha juu ya mwako ili ishike, unamwaga rangi ya zambarau, kisha iodini, unaosha kwa spiriti sekunde chache, halafu unamalizia na rangi nyekundu. Bakteria wenye ukuta mnene hubaki zambarau. Streptococcus pneumoniae wa nimonia yumo humu. Wenye ukuta mwembamba uliozungukwa na utando wa nje hupoteza zambarau na kutokea waridi: Salmonella Typhi wa homa ya matumbo (taifodi), Vibrio cholerae wa kipindupindu, E. coli, Shigella wa kuhara damu. Kazi yote iko kwenye zile sekunde za spiriti. Ukizizidisha, hata wa zambarau hugeuka waridi, na daktari hupelekewa jibu la uongo.

Bakteria wa kifua kikuu hashiki rangi hizo vizuri kwa sababu ukuta wake umejaa nta, kwa hiyo ana rangi zake mwenyewe. Hujigawanya polepole mno, karibu mara moja kwa siku, na hiyo ni sababu mojawapo ya dawa zake kunywewa kwa miezi 6. Kikohozi kikipita wiki mbili, nenda ukapimwe makohozi. Katika vituo vya umma matibabu yake ni ya bure.

Virusi si seli. Kirusi ni maagizo ya kijenetiki, DNA au RNA, yaliyofungwa ndani ya ganda la protini. Hakili, hakikui, hakijigawanyi. Kinaingia kwenye seli yako na kuilazimisha itengeneze nakala zake. Norovirusi, mojawapo ya vile vinavyotapisha familia nzima ndani ya siku mbili, kina upana wa nanomita 40 au pungufu, na hadubini ya kawaida haiwezi kukionyesha.

Sasa shika hili, kwa sababu tutalirudia kwenye usafi. Virusi viko vya aina mbili. Kuna vilivyovaa utando wa mafuta juu ya ganda: mafua makali ya influenza, korona, surua, VVU, homa ya ini ya B. Na kuna visivyo na utando huo: norovirusi, rotavirusi, polio, homa ya ini ya A. Utando wa mafuta unaonekana kama kinga ya ziada, kumbe ndio udhaifu wenyewe. Sabuni huyeyusha mafuta, na kirusi kikivuliwa utando hakiwezi tena kuambukiza. Visivyo na utando ndivyo vigumu.

Kuna kundi la tatu ambalo si virusi wala bakteria, na Nairobi linatajwa kuliko linavyostahili. Malaria na amiba ni vimelea wa aina nyingine kabisa. Jiji letu liko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na kwa baridi hii malaria huambukizwa hapa kwa nadra. Mgonjwa mwenye homa aulizwe kwanza: ulisafiri? Aliyetoka Kisumu, Busia au Kwale majuma mawili yaliyopita apimwe malaria siku hiyo hiyo. Ambaye hajavuka Mlolongo, pale pembezoni mwa jiji, kwa miezi sita naye apimwe, lakini akiandikiwa dawa za malaria bila kipimo, aulize kwa nini.

Hatua ya 2: Hesabu saa

Kabla ya kumlaumu mama wa kibanda, hesabu muda tangu mgonjwa ale au akutane na mgonjwa mwingine.

Kutapika kunakoanza ndani ya saa 1 hadi 6 baada ya kula, hasa wali uliolala nje ya friji, kwa kawaida ni sumu iliyotengenezwa na bakteria kabla hujala. Bacillus cereus ndiye bingwa wa wali. Huja kwa kishindo na kuisha siku hiyo hiyo. Saa 12 hadi 48, kutapika na kuhara maji, na wengine nyumbani wakifuatana mmoja baada ya mwingine: fikiria norovirusi. Kipindupindu huanza kati ya saa chache na siku 5, kinyesi kikiwa kama maji yaliyooshea mchele, kingi mno, mara nyingi bila homa wala msokoto mkali wa tumbo. Damu kwenye kinyesi pamoja na homa huelekeza kwa Shigella, na mara chache zaidi amiba. Homa ya matumbo yenyewe haina haraka: huchukua kwa kawaida wiki moja hadi mbili kujitokeza, na homa hupanda siku baada ya siku. Anayesema, "Nilikula mutura jana, leo nina taifodi," hesabu yake haiingii.

Dalili hazitoshi kuamua peke yake. Makamasi ya kijani, kwa mfano, hayamaanishi bakteria. Mafua ya kawaida ya virusi hugeuza rangi siku ya tatu au ya nne. Ila saa na siku hukuepusha na makosa makubwa.

Hatua ya 3: Rudisha maji kabla ya kutafuta jina la ugonjwa

Anayehara huuawa na ukosefu wa maji na chumvi mwilini, kwa hiyo ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, haingoji kipimo. Sumu ya kipindupindu hulazimisha seli za utumbo kumwaga chumvi, na maji huifuata. Lakini kuna njia moja kwenye seli zile zile ambayo sumu haiifungi: ile inayopitisha sukari na chumvi kwa pamoja. Chumvi ikifika na sukari hupokelewa, na maji hurudi nayo. Ndiyo maana ORS ina sukari, na ndiyo maana maji matupu au chai ya rangi havifanyi kazi ile.

Soma pakiti kwanza, kwa sababu ziko za kuchanganya na mililita 500 na za lita moja. Usikose pakiti ukakaa bure: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, usikadirie kwa vidole. Mtoto chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapohara. Wa miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200. Mkubwa anywe kadiri anavyotaka. Akitapika, subiri dakika 10 uanze tena kwa kijiko kimoja kimoja. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mtoto wa miezi 6 na zaidi apewe pia zinki miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma. Wa chini ya miezi 6, miligramu 10.

Usimpe mtoto dawa za kufunga tumbo. Mkubwa anayehara damu naye asizitumie.

Nenda hospitali bila kusubiri asubuhi ukiona mtoto hawezi kunywa, anatapika kila kitu, amelegea au hazinduki vizuri, amepata degedege, macho yameingia ndani, au ngozi ya tumbo ukiivuta inarudi polepole. Na kikohozi kikiandamana na haya: hesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi chini ya miezi 2, 50 au zaidi kati ya miezi 2 na 11, 40 au zaidi kati ya mwaka mmoja na mitano, hiyo ni nimonia mpaka daktari aseme vingine.

Hatua ya 4: Omba kipimo kinachojibu swali

Hapa nina kisa na karatasi moja ndogo inayotolewa kila kona ya jiji: "Widal 1:160, typhoid positive." Kipimo cha Widal ni cha mwaka 1896. Hakimtafuti bakteria; kinatafuta kingamwili zilizotengenezwa dhidi yake. Kingamwili hizo zinaweza kubaki miezi mingi baada ya kupona, zinaweza kutokana na Salmonella wengine wasio wa homa ya matumbo, na katika mji ambako watu wengi wamewahi kukutana na bakteria hawa, karatasi nyingi zitasema ndiyo. Wakati huo huo mgonjwa wa kweli katika siku za mwanzo anaweza kuambiwa hana.

Kipimo cha maana ni kuotesha damu, wenyewe maabarani tunaita kalcha. Damu huchukuliwa kwa usafi wa hali ya juu na kuingizwa kwenye chupa yenye lishe ya bakteria, hukaa kwenye joto la mwili, na kwa kawaida huangaliwa hadi siku 5 au 7. Hufaa zaidi wiki ya kwanza ya homa. Hata hiyo haimkamati kila mgonjwa, na gharama yake si ya kila mfuko, lakini ikimwotesha bakteria inakupa kitu ambacho Widal haiwezi kukupa kamwe: orodha ya dawa zinazomuua huyo huyo uliye naye.

Mambo matatu huharibu kalcha, iwe ya damu au ya kinyesi, na yote yako mikononi mwa mgonjwa. La kwanza ni kumeza antibiotiki kabla ya sampuli. Vidonge viwili tu vya jana vinaweza kumzuia bakteria kuota kwenye sahani huku akiendelea ndani ya mwili. La pili ni kuleta kinyesi kwenye chupa ya dawa iliyooshwa kwa sabuni au jiki. Chukua kikopo cha maabara. La tatu ni kukawia. Shigella hufa haraka nje ya mwili, kwa hiyo kinyesi kilichotolewa alfajiri kikafika mchana baada ya foleni ya matatu huwa kimekwisha kazi.

Kwa mtoto anayehara maji bila damu na bila dalili za hatari, mara nyingi hakuna haja ya kipimo chochote. ORS na zinki havibadiliki, uwe umelijua jina la kijidudu au la.

Hatua ya 5: Antibiotiki, na nini hasa inachopiga

Amoksilini huzuia bakteria kujenga ukuta. Siprofloksasini huvuruga kimeng'enya kinachokunjua DNA yake. Azithromaisini hufunga mtambo wake wa protini. Kirusi hakina ukuta, hakina kimeng'enya hicho, na mtambo wa protini kinautumia wa kwako. Hakuna cha kupiga pale.

Kwa hiyo mafua, surua na kuhara kwa rotavirusi havina haja na antibiotiki. Nimonia ya bakteria, homa ya matumbo, kuhara damu na kipindupindu kikali vina haja, kwa dawa na kipimo alichoandika mhudumu. Flagyl huwapiga vimelea kama amiba na giardia, pamoja na bakteria wasiopenda oksijeni, basi. Kuitumia kwa kila tumbo linalonguruma ni mazoea tu ya mtaa.

Usugu wa dawa hauko mbali nasi. Bakteria ana vipande vidogo vya duara vya DNA, plasmidi, anavyoweza kumpa jirani yake hata kama si wa jamii moja. E. coli asiye na madhara tumboni mwako, aliyezoea antibiotiki ulizomeza bila sababu mwaka jana, anaweza kumkabidhi Salmonella maarifa yale siku atakapopita. Usigawane dawa na jirani, usiweke mabaki kwa ajili ya homa ijayo, na ukipewa vidonge viwili vitatu vilivyofungwa kwenye karatasi bila jina la dawa, virudishe.

Hatua ya 6: Maji ya mtungi

Mgao wa maji una hatari ambayo wengi hawaifikirii. Bomba likiwa na msukumo, ufa mdogo humwaga maji nje. Msukumo ukikatika, ufa huo huo huvuta ndani kilicho kando yake, na katika mitaa mingi kilicho kando ni maji taka. Siku maji yanaporudi, ya kwanza yatumie kudekia au kumwaga chooni, usiyajaze kwenye mtungi wa kunywa.

Mtungi wenyewe nao. Ingiza kidole mdomoni mwa mtungi wa lita 20 uliotumika mwaka mzima na upapase ndani, chini ya bega lake. Utelezi unaousikia ni bakteria walioshikamana na kujifunika ute, na ute huo huwakinga dhidi ya klorini. Dawa ya maji haitoshi kuuondoa. Weka mchanga mkavu safi au kokoto ndogo, sabuni na maji kidogo, tikisa kwa nguvu pande zote, mwaga, suuza. Kisha weka lita moja ya maji yenye vijiko 3 vya chai vya jiki ya asilimia 3.5, tikisa, uiache dakika 30 ukigeuza mtungi mara kwa mara, mwaga, suuza tena. Fanya hivyo kila utelezi unaporudi.

Kuchemsha ndiyo njia isiyo na mashaka. Kwa mwinuko wa Nairobi maji hutokota kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, na hiyo inatosha kabisa kwa virusi, bakteria wa tumbo na amiba. Yakishatokota kwelikweli, dakika moja yatosha. Limuru, ambako ni juu ya mita 2,000, acha dakika 3. Kutokotesha nusu saa ni kuchoma gesi.

Klorini ni nafuu zaidi. Tumia dawa iliyotengenezwa kwa maji ya kunywa, fuata kipimo cha chupa, usiweke jiki yenye manukato. Maji yakiwa na vumbi, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kwa kuwa uchafu huila klorini kabla haijawafikia vijidudu. Subiri dakika 30. Ukinusa harufu hafifu, imebaki ya kutosha. Klorini haimwezi kimelea kiitwacho Cryptosporidium, kwa hiyo mtoto mchanga asiyenyonya na mtu ambaye kinga yake imeshuka wachemshiwe. Chota kwa kumimina au kwa koki. Kikombe cha kila mtu kikitumbukia, umerudi mwanzo.

Hatua ya 7: Matapishi, choo na mikono

Kipindupindu kwa kawaida huhitaji bakteria kwa mamilioni ili mtu mzima mwenye afya augue, maana asidi ya tumbo huwamaliza wengi, kwa hiyo husafiri zaidi kwa maji na chakula. Shigella huhitaji 10 hadi 100 tu, na norovirusi ni chembe chache vilevile. Hawa hupita kwenye kitasa cha choo cha pamoja, mkono hadi mkono.

Sanitaiza ya spiriti ya asilimia 60 hadi 80 huua bakteria wengi na virusi vyenye utando. Kwa norovirusi ni dhaifu. Choo kikishatumiwa na mgonjwa anayetapika, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20, kwa kuwa hapo kazi kubwa ni kuking'oa kirusi na kukipeleka na maji.

Kwa matapishi sakafuni, changanya kikombe kimoja cha jiki ya asilimia 3.5 na vikombe 6 vya maji. Hiyo ni asilimia 0.5. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Funika kwa matambara au karatasi, uzoe uchafu kwanza, halafu mimina dawa na uiache dakika 10 kabla ya kufuta. Ukimwaga jiki juu ya uchafu mzima, uchafu utaimaliza. Kwa vitasa na sinki, kikombe kimoja kwa vikombe 34 kinatosha, asilimia 0.1. Changanya upya kila siku. Kamwe usichanganye jiki na dawa ya choo ya asidi. Gesi inayotoka hujeruhi mapafu, na bafu zetu hazina madirisha ya maana.

Hatua ya 8: Chakula kilichobaki

Bacillus cereus na Clostridium perfringens hutengeneza spora zinazostahimili kuchemshwa. Ukipika pilau au githeri, bakteria wa kawaida hufa, spora hubaki, na chakula kikikaa vuguvugu usiku kucha huota. Wa wali huacha sumu ambayo kuupasha moto asubuhi hakuiondoi. Kipe chakula sahani pana kipoe haraka, kiingie kwenye friji ndani ya saa 2. Kama huna friji, pika cha kuisha.

Hatua ya 9: Chanjo na kutoa taarifa

Chanjo ya rotavirusi hutolewa Kenya tangu 2014, ya nimokokasi (yule Streptococcus pneumoniae wa nimonia) tangu 2011, na Julai 2025 ilizinduliwa ya homa ya matumbo kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14, sambamba na ya surua na rubela. Angalia kijitabu cha kliniki. Nafasi iliyo wazi ulizia zahanati iliyo karibu.

Mlipuko wa kipindupindu wa 2022 uliripotiwa kwanza Limuru, baada ya sherehe ya harusi, na wageni walikuwa wamesharudi makwao kaunti mbalimbali. Mtu mmoja akianza kuhara maji mengi mfululizo kwenye ploti yenu, au watu wawili watatu wakianza siku moja, mwite mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa huo huo, na mwambie landilodi afunge tangi lisitumike hadi lipimwe. Mgonjwa aondoke kwenda hospitali akiwa na chupa ya ORS mkononi, akinywa njiani.